Hivi dunia ina haki kweli?

Najua nimepotea, mnisamehe. Si kwa kupenda. Ni hizi test jamani, zimepangwa mfululizo utadhani walimu walikaa kikao kizima kwa ajili ya kutukomoa. Leo ndo nimepata nafasi ya kupumua. Nimekaa juu ya dabo deka langu, nje mvua, umeme upo, rumeti wote wamelala isipokuwa mmoja anayechemsha maji na ile hita iliyokatazwa (sijamtaja), na mi nina swali linanikaba koo tangu juzi.

Lilianza kwa utani kabisa. Juzi tulirudishiwa test. Mi kwa ile test nilikesha siku mbili, miguu kwenye beseni la maji baridi ili nisisinzie, kahawa za pakiti mpaka mikono inatetemeka. Nikapata 9 kati ya 20. Jirani yangu wa kitanda cha chini, ambaye tunasoma naye kozi moja na ambaye usiku huo alikoroma kama trekta, kapata 16. Kha! Nikatupa karatasi kitandani nikapiga kelele: "Hii dunia haina haki!"

Basi bwana, chumba kikawaka. Mmoja akasema kila mtu na riziki yake, niache kulalamika. Mwingine akasema haki iko mbinguni, huku tunapita tu. Wa kitanda cha chini akasema haki ipo na ndo maana yeye kapata 16, maana yeye husikiliza darasani wakati mi nachati. Tukacheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Katikati ya kicheko hicho simu yangu ikalia, meseji. Imetoka kwa mtu ambaye sijaongea naye tangu mwaka juzi. Imeandikwa hivi: "Mambo shoga. Mwaka huu nafanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikikumbuka ulikuwa unatunza madaftari. Una notisi za Baiolojia?"

Nikaacha kucheka.

Jina lake silitaji kwa sababu hajanipa ruhusa. Nitamwita Namba Moja, maana ndivyo tulivyomwita darasani, na hakuna aliyebisha. Mi nilikuwa namba mbili. Si namba mbili ya karibu karibu, hapana. Yeye wastani 84, mi 71. Mnanielewa.

Tulianza kidato cha kwanza Januari 2016, upande wa Korogwe, kwenye shule moja ya kata iliyozungukwa na mkonge. Huo ndo mwaka ada ilipofutwa kwa shule za serikali mpaka kidato cha nne, kwa hiyo tulijaa darasani kama dagaa kwenye gunia. Wengine walikaa juu ya matofali. Namba Moja alikuwa na dawati kwa sababu aliwahi, na mi nilikuwa na dawati kwa sababu aliniwekea nafasi pembeni yake. Ndo urafiki ulivyoanza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana mambo yote yako hapa. Mi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, kama kilomita moja na nusu kutoka shule. Kwao Namba Moja ni kilomita 8, njia ya katikati ya mashamba ya mkonge. Kama hujawahi kutembea kwenye mkonge jioni sijui nikuelezeje. Mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, majani yana miiba kwenye ncha, na hakuna nyumba. Unasikia miguu yako mwenyewe. Yeye alikuwa anaamka saa tisa na nusu usiku, anateka maji, anaanza safari na wenzake wawili. Akichelewa, viboko au kufyeka. Mi nilikuwa naamka saa kumi na mbili, nakunywa chai na maandazi ya shangazi, nafika naye yuko namba mbele ya ubao anamalizia hesabu. Na bado alikuwa ananipita! Mpaka leo nikifikiria hilo naona aibu kidogo.

Tulipofika kidato cha tatu, 2018, wakaanzisha masomo ya ziada mpaka saa kumi na moja jioni. Wazo zuri kwenye karatasi. Kwa mtu wa kilomita moja na nusu ni zuri kweli. Kwa mtu wa kilomita 8 maana yake unaingia kwenye mkonge jua linazama unatoka usiku. Wale wenzake wawili waliacha kuhudhuria jioni, wakawa wanachapwa asubuhi. Yeye hakutaka kukosa vipindi.

Masika ya mwaka huo yalikuwa makali. Siku moja mwezi wa tatu tumetoka, mvua hiyo, akapita kijana wa bodaboda. Alikuwa anapaki karibu na duka la jirani ya shangazi, namjua kwa kumsalimia tu. Nani alimsimamisha? Mimi. Mi ndo nilinyoosha mkono. Nikamwambia kaka tusaidie, tunalowana. Tukapanda wawili, mishikaki. Nikashuka kwa shangazi, nikasema asante kaka, nikaingia ndani kubadili nguo. Wao wakaendelea.

Ikawa mazoea. Siku mbili kwa wiki, siku tatu. Hakuwa anadai hela. Mara anatununulia chipsi, mara miwa. Mi siku zote nilikuwa nashuka wa kwanza. Sikushuka wa kwanza kwa sababu nina akili, wala kwa sababu nilifundwa vizuri, wala kwa sababu Mungu alinipenda zaidi. Nilishuka wa kwanza kwa sababu nyumba ya shangazi ilikuwa ya kwanza.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba tukaambiwa wasichana wote tupange mstari nyuma ya ofisi. Kaja nesi na vikopo. Waliosoma shule kama zetu mnajua zoezi lile, unaingia chooni unatoka na mkojo wako mkononi mbele ya wenzako, wavulana wanachungulia dirishani wanazomea. Nilitoa kikopo changu nikarudi kwenye mstari. Namba Moja naye akatoa. Baada ya nusu saa wakaita majina mawili. Lake lilikuwa la pili.

Hakurudi darasani hata kuchukua begi. Begi nililipeleka mimi kwa mama yake Jumamosi.

Jumatatu mstarini akasemwa. Sikumbuki maneno yote na hata nikikumbuka sitayaandika hapa. Neno lililonibaki ni "tamaa". Kwamba kuna wasichana wana tamaa ya chipsi. Halafu tukaitwa marafiki zake mmoja mmoja tuulizwe kama tunamjua mwanaume. Nikaulizwa: "Wewe umewahi kupanda hiyo pikipiki?" Nikasema hapana, mwalimu. Nikaulizwa tena. Nikasema sijawahi, hata simjui.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, niliogopa. Lakini nilisema uongo, na huo uongo ulimfanya aonekane alikuwa anapanda peke yake.

Yule kijana je? Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayempa mimba mwanafunzi, miaka 30 jela. Kwenye karatasi ni sheria ya kutisha. Lakini yeye alisikia kabla polisi hawajasikia. Wengine walisema yuko Dar, wengine Mirerani anachimba. Baadaye wazee wake wakaja na mbuzi na hela kidogo, wakakaa na wazee wa upande wa pili, yakaisha kifamilia kama wanavyosema. Kwa nani yaliisha sijui.

Basi kuanzia muhula huo mi nikawa namba moja. Sikupanda hata alama moja, wastani wangu ulikuwa ule ule, sabini na kitu. Kwenye mahafali ya kidato cha nne nikaitwa mbele, makofi, nikapewa beseni, kikokotoo na kaunta buku nne. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikaenda kidato cha tano, nikafika chuo, nikawa mtu wa kukaa juu ya dabo deka kupiga kelele kwamba dunia haina haki kwa sababu ya test ya alama 20. Mweh.

Jana usiku nilimsimulia haya rumeti wangu anayesoma saikolojia, yule aliyecheka sana juzi. Hakucheka. Akaniuliza, "Na nyie wasichana wengine mlimsemaje?" Nikanyamaza, maana ukweli ni kwamba sisi ndo tulikuwa wakali kuliko walimu. Tulisema alikuwa anajidai. Tulisema mtu mwenye akili kweli asingefanya vile. Na mi nilikuwemo, tena nikitikisa kichwa.

Ndo akanielezea habari ya mwanasaikolojia anaitwa Melvin Lerner. Mwaka 1966 yeye na mwenzake walichapisha jaribio moja. Waliwakalisha wanafunzi wamwangalie dada anayefanya zoezi la kukariri, na kila akikosea anapigwa shoti ya umeme. (Shoti zilikuwa za kuigiza, dada alikuwa kwenye mpango, msiogope.) Wale waliopewa nafasi ya kumwondolea adhabu wengi walimwondolea. Lakini wale walioambiwa ataendelea kupigwa na hawana la kufanya, walipoulizwa baadaye dada yule ni mtu wa namna gani, wakamponda. Hapendezi, havutii, ana walakini. Hakuwa amewakosea chochote! Lerner akasema binadamu anataka sana kuamini kwamba kila mtu hupata anachostahili. Akiona mtu anaumia bila kosa na hawezi kumsaidia, anamtafutia kosa, ili yeye mwenyewe alale usingizi.

Nilipandwa na ganzi. Maana ndo sisi wale, kwenye mstari nyuma ya ofisi, na vikopo mkononi. Kama Namba Moja alifukuzwa bila kuwa mbaya kuliko sisi, basi yeyote kati yetu angeweza kufukuzwa. Hilo nani alitaka kulifikiria? Bora awe na tamaa. Akiwa na tamaa, mi niko salama, maana mi sina tamaa. Mi nilikula chipsi zile zile, lakini sina tamaa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana nikiacha hapa mtasema nimeleta msiba tu.

Tunaposema "dunia haina haki" huwa tunasema kama tunazungumzia mvua. Inanyesha kwako, kwangu inakwepa, utamlaumu nani? Na kweli kuna mambo ya namna hiyo. Mama yake Namba Moja ana ugonjwa wa moyo tangu yuko msichana. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua hivyo. Hapo hata mi sina la kusema, naweza kulia tu.

Lakini kufukuzwa kwake hakukuwa mvua. Mi nasoma sheria, kwa hiyo mwaka wa pili nilienda maktaba nikatafuta, kwa hasira tu, kitu gani hasa kilimfukuza. Ni kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Nikasoma, nikarudia, nikatafuta neno mimba. Halimo, wadau! Kuna kuvunja maadili, kuna kuingia kwenye ndoa. Mimba ilisomwa humo ndani ya "maadili" na watu, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa kama imeandikwa. Halafu Juni 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba katika uongozi wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi kwenye shule ya serikali. Namba Moja alikuwa kidato cha pili siku hiyo. Tulisikia redioni kwa shangazi, tukasema sawa, haituhusu.

Na kilichoandikwa na watu hufutwa na watu. Tarehe 24 Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, wataruhusiwa kurudi. Ukatoka Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo. Mi nilikuwa kidato cha sita bwenini, mwalimu wa zamu akatusomea kwenye simu yake. Wenzangu walishangilia. Mi nilihesabu kwa vidole. Mwezi wa saba 2018 mpaka mwezi wa kumi na moja 2021, miaka mitatu na miezi minne. Mtoto wake alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu, mama yuko kitandani, na yeye ndo anayelisha nyumba.

Mnaona kinachoniuma? Kama ingekuwa dunia ndo haina haki, ningekubali yaishe. Lakini jambo lililoitwa la maadili, la Mungu, la mila na desturi, liliondolewa na karatasi, mchana, siku ya Jumatano. Maana yake hata siku ile ya vikopo lilikuwa karatasi tu. Msichana aliyepimwa baada ya hapo anajifungua anarudi. Aliyepimwa mapema kidogo anauza machungwa.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, kitabu chake A Theory of Justice cha 1971 tulikariri mwaka wa pili. Anasema tufanye kama tumekaa nyuma ya pazia kabla hatujazaliwa, hatujui tutakuwa nani, tajiri au maskini, mwenye afya au mgonjwa. Halafu tukiwa huko huko nyuma ya pazia tutunge sheria. Nilijibu swali lake kwenye mtihani vizuri tu, nikapata B+. Na nakiri hapa mbele yenu, wakati nakariri yale mambo sikumkumbuka Namba Moja hata dakika moja. Nilikuwa nakariri pazia huku namjua mtu aliyekuwa upande wa pili wa pazia, na jina lake kamili, na njia ya kwao.

Sasa naifikiria kwa lugha ya kwetu. Mtu anayetunga ile kanuni hajui kama atakuwa mwalimu wa nidhamu, au shangazi mwenye nyumba karibu na shule, au dereva wa bodaboda, au msichana wa kilomita 8. Angeandika vile? Angepanga masomo ya ziada mpaka saa kumi na moja bila kuuliza wa mbali wanarudije? Sidhani. Lakini na mimi je, mwalimu aliponiuliza, pazia langu lilikuwa wapi? Nilijua kabisa niko upande gani. Ndo maana nilisema hapana.

Mara ya mwisho kumuona ilikuwa mwaka juzi, narudi chuo baada ya likizo. Basi limesimama, wauzaji wamezunguka madirisha, machungwa, mayai, korosho. Mkono umeinuka na mfuko wa machungwa, nachungulia chini, ni yeye. Tukapiga kelele wote wawili. Akataka kujua nasoma nini, nikamwambia sheria, akasema "Wee! Utatutetea sasa." Nikatoa elfu mbili, akakataa. Akanitupia mfuko dirishani, basi likaondoka. Machungwa kumi na mbili, nimeyahesabu. Niliyala njia nzima mpaka Chalinze na sikumpigia simu. Ningemwambia nini?

Na sasa kaniomba notisi za Baiolojia.

Wadau, niwaambie kitu ambacho hata rumeti sikumwambia. Notisi ninazo. Zimo kwenye sanduku nyumbani kwa shangazi, kaunta buku la kwaya tatu, jalada limefunikwa gazeti. Zimepangwa vizuri, michoro ya moyo na figo imechorwa kwa penseli utadhani kitabu. Nilizisomea mpaka kidato cha nne, nikapata A. Ukifungua ukurasa wa kwanza, jina lililoandikwa si langu. Nilikuwa nimeliazima wiki moja kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita. Siku ile nilipolipeleka begi kwa mama yake, kaunta buku nililibakiza. Nilijiambia yeye hana matumizi nalo tena.

Nimeandika jibu la meseji mara nne nikafuta. Leo asubuhi nimempigia shangazi, nimemwambia alitoe sandukuni alikabidhi kwa basi linaloshuka huku, mi nitalipokea stendi Jumamosi. Angeweza kumpelekea moja kwa moja, ni karibu zaidi, shangazi kanishangaa kweli. Lakini nataka lipite mikononi mwangu kwanza. Kuna karatasi nataka niweke ndani, nimwandikie habari ya ile siku niliyoulizwa. Kwa meseji siwezi. Jumapili nalirudisha huko huko alipo.

Sijui kama nafanya vizuri. Mtu anataka notisi apasi mtihani, mi nampelekea na mzigo wangu aubebe. Wa saikolojia anasema huenda naandika ili mi nijisikie vizuri, na kwamba hiyo nayo ni tamaa. Labda. Lakini kumpelekea daftari lake mwenyewe kama zawadi kutoka kwangu, nikanyamaza, hilo nimeshindwa.

Wa hita kamaliza, chai ipo. Ngoja nishuke.

Nyongeza, Jumatano. Mzigo umefika jana. Nilisubiri jibu siku nzima, vipindi viwili sijasikia hata neno. Usiku saa nne ndo meseji ikaingia. Nainakili kama ilivyo:

"Nimelipata. Asante. Yaani umeandikaandika kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu, ndo nini sasa? Ile karatasi nimesoma. Nilijua siku nyingi, shangazi yako alimwambia mama. Tutaongea ukija, si leo. Kesho gulio naamka saa kumi. Sura ya jenetiki mbona huna michoro?"

Michoro ya jenetiki haimo kwa sababu alikuwa ameshafukuzwa tulipofika hapo. Leo baada ya kipindi cha saa nane naenda kununua penseli.